Mzazi anapokwenda Hija: Ibada ya siku sita, maisha ya wiki nyingi ugenini

Kagongwa. Katika mji huu wa mchele ulio kando ya barabara ya kutoka Isaka kwenda Kahama, fedha ya Hija haipatikani kwa siku moja. Hukusanywa gunia kwa gunia, msimu kwa msimu. Mara nyingi anayefikia lengo ni mzazi ambaye umri umeshasogea, watoto wameshajitegemea na mwili umeanza kudai dawa za presha au kisukari.

Siku mzazi huyo anapotangaza kuwa safari imeiva, familia hufurahi na maandalizi huanza: pasipoti, ihramu, begi, kuwaomba radhi majirani, kulipa madeni na kisomo cha kumuaga. Kinachosahaulika ni maswali ya kawaida kabisa. Huko atalala wapi? Atakula nini? Atatembea umbali gani kwa siku? Dawa atameza saa ngapi, na akipotea atamwambia nani?

Maswali hayo ndiyo yanayoamua kama atarudi na afya yake. Ibada yenyewe ya Hija huchukua siku 5 hadi 6, kuanzia tarehe 8 hadi 12 au 13 ya Mfunguo Tatu, yaani Dhulhija. Lakini msafiri hukaa Saudi Arabia kwa wiki kadhaa, na wengine hukaribia mwezi mzima. Katika muda wote huo, mambo madogo ndiyo yanayowaangusha wengi: maji yasiyonywewa, usingizi pungufu, viatu vibaya na dozi iliyorukwa.

Siku ya kawaida Makka

Jambo la kwanza linaloweza kuipunguzia familia wasiwasi ni saa. Tanzania na Saudi Arabia zinatumia saa ileile. Anayemeza kidonge cha presha saa 2:00 asubuhi Kagongwa atakimeza saa 2:00 asubuhi Makka, bila hesabu ya kuongeza wala kupunguza. Hata simu ya nyumbani haihitaji kumwamsha mtu usiku wa manane.

Tatizo huanza pale anapozungumza na daktari. Neno "saa" ni la kwetu na la Waarabu pia, lakini hesabu si moja. Saa mbili ya Mswahili kwao ni saa nane. Kwa hiyo kwenye karatasi ya dawa ni salama kuandika kama simu inavyoonyesha: 08:00 na 20:00.

Siku huanza kabla ya Alfajiri. Anayetaka kuswali ndani ya Msikiti Mtukufu hutoka hotelini mapema, kwa sababu umati hujaa haraka. Hoteli za bei nafuu aghalabu ziko mbali na msikiti, na kwenda na kurudi kwa swala tano za siku moja ni mwendo mrefu kwa mtu aliyezoea kwenda sokoni kwa bodaboda.

Kisha kuna mwendo wa ibada yenyewe. Tawafu ni mizunguko 7 kuizunguka Al-Kaaba. Sai, yaani kwenda na kurudi mara 7 kati ya Safa na Marwa, peke yake ni zaidi ya kilomita 3. Msongamano ukiwa mkubwa na mtu akalazimika kuzungukia ghorofa za juu, tawafu nayo hurefuka sana.

Kwa mwenye magoti mabovu au moyo dhaifu, sheria ya dini imeacha mlango wazi. Viti vya magurudumu vinaruhusiwa, na kuna hata vigari vya umeme vya kukodi kwenye ghorofa za juu. Wazee wengi huona aibu kuvitumia, wakidhani thawabu hupungua. Hilo ni jambo la kulimaliza nyumbani, mbele ya shekhe wa msikiti wao, kabla mzee hajapanda basi.

Kupotea ni jambo la kila siku na halimchagui msomi wala asiyesoma. Msikiti una milango mingi yenye namba. Lango la Mfalme Fahd, kwa mfano, ni namba 79. Anayejifunza namba ya lango lake kabla ya kuingia hupata njia ya kurudi. Kadi ya hoteli iliyoandikwa kwa Kiarabu ikae shingoni au mfukoni, isiachwe chumbani. Kitambulisho cha Nusuk, kinachotolewa kwa mahujaji wenye vibali, nacho kisiachwe nyuma.

Viatu pia hupotea mlangoni, na hapo ndipo hatari ya wenye kisukari inapoanzia. Mtu aliyepoteza hisia ya kawaida ya ngozi, yaani asiyehisi moto wala mwiba, anaweza kutembea peku kwenye lami ya mchana na kugundua malengelenge usiku. Kidonda kidogo cha mguu kwa mgonjwa wa kisukari kinaweza kuishia kukatwa mguu. Dawa yake ni rahisi: mfuko wa kubebea viatu mgongoni, soksi pale ibada inaporuhusu, na kukagua nyayo kila usiku kabla ya kulala.

Mezani: wali kila siku

Mtu wa Kagongwa anaujua mchele kwa harufu. Akifika Makka atakutana na wali mwingine, wa punje ndefu nyembamba za basmati, uliopikwa na kuku au mbuzi kwa viungo, na atakutana nao tena kesho na keshokutwa. Ugali na mlenda huanza kukumbukwa wiki ya kwanza tu.

Wali si kosa. Kosa ni wali mwingi, tende za kila mahali, chai yenye sukari na juisi za boksi zinazogawiwa bure na watu wema barabarani. Kwa mwenye kisukari, sukari inaweza kupanda kwa siku hizo za karamu, halafu ikashuka ghafla siku anayotembea saa nyingi bila kula. Mzazi atembee na kifaa chake cha kupimia sukari, na mfukoni asikose tende chache au pipi kwa ajili ya kutetemeka, jasho jembamba na kizunguzungu.

Insulini inahitaji ubaridi. Hotelini kuna friji, lakini kwenye mahema ya Mina hakuna uhakika huo, kwa hiyo kibegi cha kutunzia baridi kinunuliwe kabla ya safari. Isigandishwe, maana ikiganda haifai tena.

Kuna tahadhari moja wafugaji wa kanda hii wataielewa haraka. Saudi Arabia ndiko kulikogunduliwa mwaka 2012 ugonjwa wa mfumo wa hewa uitwao MERS, ambao virusi vyake hupatikana kwa ngamia. Msafiri asinywe maziwa mabichi ya ngamia wala kwenda kupiga picha akiwa amemkumbatia mnyama huyo.

Mina, Arafa na usiku wa Muzdalifa

Tarehe 8 mahujaji huhamia Mina, bonde lenye zaidi ya mahema 100,000. Ni mahema yasiyoshika moto kirahisi, yaliyojengwa baada ya moto wa Aprili 1997 ulioua zaidi ya watu 340. Ndani yake watu hulala kwenye magodoro membamba yaliyobanana, bega kwa bega na wageni, wanaume hema lao na wanawake lao. Mume na mke waliosafiri pamoja hutenganishwa hapa, na kama mke ndiye aliyekuwa akikumbuka dawa za mume, dozi hurukwa.

Kwa hiyo kila mmoja awe na dawa zake, kwenye kiboksi chake, na ajue mwenyewe anameza nini. "Zile nyeupe za asubuhi" si jibu linaloweza kumsaidia daktari wa dharura.

Tarehe 9 ni Arafa, siku iliyo nguzo kuu ya Hija. Watu hukaa huko hadi jua linapozama, wakiomba dua. Usiku hulala Muzdalifa, wengi wao juu ya mkeka chini ya anga tupu, wakiokota vijiwe. Asubuhi yake, baada ya usingizi wa kuibiaibia, huenda kurusha vijiwe kwenye Jamarati, kunyoa au kupunguza nywele na kurudi Makka kwa tawafu. Hakuna siku inayochosha kama hiyo tarehe 10.

Wazee, wagonjwa na wanawake wana ruhusa ya kuondoka Muzdalifa mapema usiku, na asiyeweza kurusha vijiwe anaweza kuwakilishwa na mwingine. Ruhusa hizi zipo kwa sababu msongamano huua. Septemba 24, 2015 mamia ya mahujaji walikufa kwa kukanyagana Mina, wakiwamo Watanzania. Familia imsisitizie mzazi afuate saa iliyopangiwa kundi lake, hata kama wengine wanamhimiza awahi.

Kunyoa nako kuna kanuni. Wembe mmoja kwa vichwa viwili unaweza kuhamisha homa ya ini aina ya B na C. Hujaji aende kwa kinyozi mwenye leseni na aone wembe mpya ukifunguliwa, au awe na wembe wake mwenyewe kwenye begi kubwa linaloingia chini ya ndege.

Joto ambalo Shinyanga haina

Wakazi wa Shinyanga na Geita wanajua jua la Septemba na Oktoba. Jua la Makka ni habari nyingine. Juni 17, 2024, wakati wa Hija, joto kwenye Msikiti Mtukufu lilifika nyuzi 51.8. Mamlaka za Saudi Arabia zilitangaza vifo 1,301 katika msimu huo, na kueleza kuwa asilimia 83 ya waliokufa hawakuwa na kibali cha Hija. Walitembea masafa marefu juani bila hema, bila basi na bila kivuli.

Takwimu hiyo inamhusu kila mtoto anayetaka kumlipia mzazi wake safari ya bei rahisi. Viza ya kutembelea si kibali cha Hija. Mzazi anayepitishwa mlango wa nyuma hunyimwa hema la Mina, basi la kwenda Arafa na maji ya kwenye kambi. Kabla ya kulipa shilingi yoyote, uliza Bakwata au mamlaka husika kama wakala huyo ana usajili wa kupeleka mahujaji mwaka huo.

Tarehe za Hija hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo taratibu zinaondoka kwenye kiangazi kikali. Hata hivyo Mei bado ni mwezi wa joto kali Makka, na tahadhari inabaki ileile: mwavuli wa rangi nyeupe, ambao unaruhusiwa hata kwa aliyevaa ihramu, kupumzika kati ya Adhuhuri na Alasiri, na kunywa maji kabla kiu haijaja. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, maji hayajatosha.

Wazee wanaotumia vidonge vya presha vinavyomfanya mtu akojoe mara kwa mara hupoteza maji haraka zaidi. Wasiviache kwa uamuzi wao. Wamuulize daktari mapema kama dozi ibadilishwe kwa siku za joto. Wenye selimundu, ugonjwa ulioenea Kanda ya Ziwa, nao wajue kuwa upungufu wa maji unaweza kuamsha maumivu makali, na wanahitaji ushauri wa daktari wao kabla ya kulipa nauli.

Dalili ya hatari ni mtu mwenye ngozi ya moto anayeanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Asogezwe kivulini, amwagiwe maji mwilini, apepewe, na ipigwe namba 997 ya Hilali Nyekundu ya Saudi Arabia. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu.

Wanawake na mambo yasiyosemwa

Foleni za vyoo Mina na Arafa ni ndefu. Wanawake wengi, hasa wakubwa, huamua kutokunywa maji ili wasihangaike. Matokeo yake ni kizunguzungu, maambukizi ya njia ya mkojo na wakati mwingine figo kuumia. Binti ndiye mwenye nafasi nzuri ya kulisema hili kwa mama yake waziwazi, kwa sababu kiongozi wa msafara mwanaume huenda asilitaje.

Kwa mama ambaye bado anapata hedhi, ukweli wa kwanza ni kuwa hedhi haiharibu Hija. Anafanya ibada zote isipokuwa tawafu, ambayo husubiri atoharike. Wengine huchagua vidonge vya kuchelewesha hedhi. Vidonge hivyo havifai kwa kila mtu, hasa aliyewahi kupata tatizo la damu kuganda kwenye mishipa, na wanaovianza siku mbili kabla ya safari mara nyingi hutokwa damu ya matone katikati ya ibada. Daktari aonwe wiki kadhaa mapema.

Kabla ya kupanda basi

Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ni sharti. Baada ya mlipuko wa mwaka 2000 uliohusishwa na Hija, Saudi Arabia ilianza kudai chanjo inayokinga aina nne za vimelea: A, C, W na Y. Ni lazima ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuingia nchini humo. Anayetoka Kagongwa, aliye mbali na Dar es Salaam kwa safari ya siku nzima, asiiache kuwa shughuli ya mwisho. Chanjo ya mafua nayo inashauriwa, kwa kuwa kikohozi humpata karibu kila hujaji.

Aliyefanya kazi kwenye mashimo ya dhahabu ya Kahama au Geita apime kifua. Vumbi la mwamba huharibu mapafu taratibu na kuongeza hatari ya kifua kikuu, na mapafu yaliyochoka hayapaswi kugundulika Mina.

Dawa zitosheleze siku zote za safari na ziada ya wiki moja. Zikae kwenye begi la mkononi, ndani ya paketi zake, pamoja na cheti cha daktari. Tramadol ni dawa inayodhibitiwa vikali Saudi Arabia, na unga wa mitishamba usio na jina unaweza kumweka mzee matatani uwanjani.

Homa ikimpata siku za mwanzo, mzazi amwambie daktari wa huko kuwa ametoka eneo lenye malaria. Makka na Madina hakuna malaria, na daktari anaweza asiifikirie haraka. Mbu aliyemuuma Kagongwa huonyesha matokeo yake wiki moja au zaidi baadaye.

Waliobaki nyumbani

Wajukuu waliozoea kulala na bibi huuliza maswali kila jioni. Waambieni ukweli unaolingana na umri wao: bibi yuko wapi, atarudi lini na mtaongea naye saa ngapi. Msifikirie kumpeleka mtoto. Kuanzia Hija ya 2025, Saudi Arabia ilitangaza kuwa watoto hawataruhusiwa kuandamana na mahujaji, kwa sababu ya hatari ya msongamano.

Pangeni simu moja fupi kwa siku, wakati msafiri anapumzika. Badala ya kuuliza tu "hujambo?", ulizeni ameshakunywa maji kiasi gani, miguu ikoje na dawa zimebaki ngapi. Mzazi anayejibu kwa kuchanganya siku au majina huenda anaumwa. Mpigieni kiongozi wa msafara saa hiyohiyo.

Wazee wengi huficha ugonjwa wakiogopa kuzuiwa Arafa. Wafahamu kuwa mamlaka za afya za Saudi Arabia huwapeleka Arafa kwa magari ya wagonjwa mahujaji waliolazwa, pale hali yao inaporuhusu. Kusema mapema hakumnyimi mtu Hija yake.

Na kuna mazungumzo magumu zaidi. Saudi Arabia hairuhusu wagonjwa wa aina fulani, wakiwamo wanaosafishwa damu kwa sababu ya figo, wenye moyo uliochoka sana, mapafu yanayotegemea oksijeni au saratani inayoendelea kutibiwa. Hija imefaradhishwa kwa mwenye uwezo, na uwezo ni fedha pamoja na mwili. Kwa aliyekata tamaa ya kupona, dini imeweka Hija ya badali, mtu mwingine aliyekwisha kuhiji kumfanyia. Mtoto anayemwambia mzazi wake hilo kwa upole, akiwa na shekhe na daktari, hajamzibia njia ya ibada.

Madina, kisha nyumbani

Wengi humalizia au kuanzia Madina, umbali wa kilomita 450 hivi kutoka Makka, na hupenda kukaa siku 8 ili waswali swala 40 msikitini kwa Mtume. Si sehemu ya Hija, na mgonjwa asijilazimishe. Kwa mwenye afya, ni siku za utulivu chini ya miavuli mikubwa ya uani, na ni nafasi ya kulala usingizi uliopungua Mina.

Akifika nyumbani kutakuwa na dufu, biriani na foleni ya wageni wanaotaka tende na maji ya Zamzam. Mpeni kwanza usiku mmoja wa kulala. Ndani ya wiki ya kwanza apimwe presha, sukari na miguu. Akiwa na homa na shida ya kupumua ndani ya wiki mbili tangu arejee, apelekwe hospitali na daktari aambiwe wazi kuwa ametoka Saudi Arabia. Na kikohozi kikizidi wiki mbili, apime kifua kikuu, hata kama kila aliyerudi naye anakohoa.